Mwaka Baba Alipokataa Kutubu

Benchi la mwisho katika kanisa letu lilinuka popo na maji ya deki. Popo walikaa darini, juu kabisa ya pembe ile, na chini yao, kati ya benchi na mlango, ndipo mhudumu alipoegemeza ndoo, mafagio na matambara ambayo hayakuwahi kukauka sawasawa kwa unyevu wetu wa Mombasa. Jumapili ya jua kali harufu ilikupanda puani mpaka ukayasahau maua ya madhabahuni. Lakini si harufu iliyowafanya watu walikwepe benchi lile. Lilikuwa benchi la waliotengwa. Msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa aliketi pale. Mwanamume aliyeoa mke wa pili aliketi pale. Waliimba na wenzao na kuomba na wenzao, ila mkate na kikombe vilipotolewa wao walibaki wameketi, macho ya watu yote yakiwapitia, mpaka siku watakayokubali kwenda mbele, kupiga magoti na kutubu kwa sauti ya kusikika. Ndiyo iliyokuwa desturi yetu, na utotoni sikuwahi kuiuliza. Kisha ukaja mwaka nilioandaliwa kwa kipaimara, na aliyeketi kwenye benchi lile alikuwa baba yangu.

Nimemzika Baba mwaka huu. Sikusoma sana, niliishia darasa la nane, na katika familia yetu mimi ndiye niliyezoea kunyamaza. Ila tangu tumlaze udongoni kuna jambo limenikaa kooni na halishuki, nami nimeona nilieleze lilivyokuwa, bila kuongeza na bila kupunguza, maana Baba hakupenda kuongezewa.

Baba alikuwa mshoni. Kwao ni Rabai, na Ukristo kwao ni wa tangu babu wa babu, lakini kazi yake ilikuwa Mji wa Kale, katika duka la Mzee Athumani, ambako walishona kanzu. Sisi tulikaa chumba cha kupanga nyuma ya Mwembe Tayari, penye kelele za mabasi ya bara na wauza maji, na kila asubuhi Baba alitoka pale kwa miguu akaingia kwenye vichochoro vile vya kuta nene ambako hata sauti ya mtu hubadilika. Siku za likizo aliniruhusu niende naye. Nakumbuka duka lilivyokuwa jembamba na refu, vyerehani vinatazama mlango kutafuta mwanga, vitambaa vya bafta nyeupe vimejaa kila mahali, na pasi ya makaa inatoa mvuke kwenye kitambaa kilichonyunyizwa maji. Mzee Athumani alikaa mkekani, miguu ameikunja, akishona shingo za kanzu kwa mkono, kazi ambayo hakumwachia mtu mwingine. Baba alikata na kushona, na alikuwa na jambo moja ambalo wateja walilipenda: kanzu ikiisha aliivaa mwenyewe. Aliivaa juu ya shati na suruali yake, akasimama mlangoni, akageuka pole pole, ili Mzee Athumani atazame pindo linaangukaje. Kanzu ikilala juu ya meza, alisema, haikwambii kitu. Lazima iingie mtu.

“Zunguka, fundi,” Mzee Athumani angemwambia. “Hapo. Ngoja. Upande wa kushoto wachechemea.”

“Ni mimi ninayechechemea au ni kanzu?”

“Wewe sikukushona mimi. Vua, tengeneza.”

Wakacheka, na wapita njia wakacheka nao, maana ilikuwa kama mchezo wa kila siku. Mtu mfupi na mnene akija kuchukua kanzu yake, Baba aliyekuwa mrefu na mwembamba alijaza mto tumboni. Hakuna mtu wa mtaa ule ambaye hakujua kwamba yule aliyevaa kanzu mlangoni ni fundi Mkristo anayepima pindo. Watoto wa chuo cha Kurani walipopita na mbao zao walimwita “Padre”, naye akawaitikia kwa kuwabariki, wakakimbia wakicheka.

Mwaka ninaousema, Kwaresima na Ramadhani zilikuja kwa pamoja, kama zilivyofanya tena miaka hii ya karibuni. Ramadhani ndiyo iliyokuwa misimu yote ya Baba kwa pamoja, kwa kuwa kila mwanamume na kila mtoto wa kiume alitaka kanzu mpya ya Idi. Mama alimfungia chakula cha mchana kwenye kopo la bati, muhogo au wali wa jana kwa mchicha, na jioni kopo lilirudi vilevile lilivyotoka. Baba hakuwa anafunga saumu. Aliona haya tu. Aliona haya kutafuna mbele ya mzee mwenye midomo iliyokauka aliyeinamia sindano, na duka halikuwa na chumba cha nyuma. Jioni alikula kile chakula nyumbani, baridi, akakisifu. Mama alicheka sana kwa ajili ya kopo lile. Siku moja kwenye mfereji, tukipanga ndoo, alimwambia jirani yetu Mama Dorkasi, ambaye tulisali naye kanisa moja, “Mwenzangu, mimi siku hizi nampikia mfungaji. Chakula chatembea tu, chaenda Mji wa Kale kusalimia na kurudi.” Wakacheka wote wawili, nami nikacheka. Mama alikuja kuyajutia maneno yale hadi mwisho wa maisha yake, ingawa hayakuwa na ubaya hata chembe.

Mzee Athumani akafariki katikati ya mwezi. Alikuwa amekaa mahali pake mkekani, akaegemea ukuta kama anayepumzika, na mwanawe Ali alipomwita hakuitika. Mimi sikuwa pale, lakini Baba alitusimulia jioni ile akiwa hawezi kukaa. Walimzika siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri. Ali alimpa Baba kofia, akamwambia, “Vaa hii, fundi, uende na sisi,” na Baba akaivaa. Watu walipoingia kumsalia maiti msikitini, Baba alisimama nje, viatu miguuni, pamoja na Mhindi wa duka la vitambaa. Jeneza lilipotoka, alifanya kama wanavyofanya watu wa mji ule kwenye mazishi: jeneza halina wabebaji maalumu, linapita juu ya mabega ya watu, huyu anapokea, anakwenda hatua chache, mwenzake anampokea. Likapita kwenye bega la Baba. Huko makaburini akatia udongo kwa mikono yake. Waliporudi, mikono na miguu ikiwa imejaa udongo mwekundu, alinawa kwenye mfereji wa nje wa msikiti, akakung’uta kofia na kumrudishia Ali. Hayo ndiyo makosa ya baba yangu. Hakuna mengine. Nimeyaandika yote.

Mzee Zakaria alikuwa mzee wa kanisa letu. Alikuwa mtu wa sauti nzuri, wa suti ya kahawia hata wakati wa joto, na alikuwa mkali kwa mambo ya imani, au kwa mambo ya imani ya wenzake. Siku ya mazishi alipita Mji wa Kale kwa shughuli zake, akamwona Baba, msomaji wa kanisa letu, amevaa kofia, jeneza begani, kati ya watu wanaotaja jina la Mungu kwa Kiarabu. Kisha akamwona ananawa miguu msikitini. Angeweza kusubiri dakika moja akamwuliza. Angeweza kumpa pole, maana mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba yule anayenawa analia. Hakumwuliza. Aliondoka na aliyoyaona, akaenda kuyatafutia mengine ya kuyaongezea uzito, na kutafuta hakukumchukua muda, kwa sababu mtu akishaamua, kila kitu humtolea ushahidi.

Jumamosi iliyofuata Baba akaitwa mbele ya wazee wa kanisa. Alikwenda akidhani ni habari za majoho ya kwaya aliyokuwa ameahidi kuyashona kabla ya Pasaka. Alibeba hata utepe wake wa kupimia. Mimi na Mama tulikaa kwenye ngazi za nje, na madirisha ya ofisi ya kanisa yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo tulisikia yote.

“Ndugu Rubeni,” Mzee Zakaria alianza, “tumesikia umesilimu.”

Baba alicheka. Nalikumbuka lile cheko, lilikuwa la mtu anayesubiri wenzake nao wacheke. Hawakucheka.

“Nani amesema?”

“Tunauliza sisi. Kanzu umevaa, hukuvaa?”

“Nimevaa. Nazivaa zote. Zile zilizo dukani nimeshazivaa karibu zote.”

“Mnasikia? Na kofia?”

“Nilipewa, nikavaa, nikarudisha.”

“Na jeneza ulibeba, huku watu wakisema yale maneno yao.”

“Nilimbeba Mzee Athumani. Wao walisema maneno yao. Mimi nilikuwa nalia.”

“Miguu ulitawadha?”

“Nilinawa. Ilikuwa na udongo wa kaburi.”

“Na saumu?” Hapo sauti ya Mzee Zakaria ilishuka ikawa tamu. “Maana yuko mama mmoja hapa kanisani, mkeo mwenyewe alimwambia kwa kinywa chake kwamba anampikia mfungaji.”

Mama aliyekuwa kando yangu alishika mdomo. Hakupumua, nami nikamshika mkono. Ndani, Baba alikawia kujibu, nadhani alikuwa anatafuta neno la kweli kabisa, maana ndivyo alivyokuwa, hata ukimwuliza saa.

“Sikufunga,” alisema. “Sikula tu. Nilikula jioni.”

Wakaangua kicheko humo ndani. Mmoja akasema, “Sasa huko si ndiko kufunga kwenyewe, Sheikh Rubeni?” wakacheka zaidi. Jina hilo likatoka nalo dirishani, na kufikia Jumatatu watoto wa shule ya Jumapili walikuwa nalo. Waliniita binti Sheikh. Waliniamkia “Salamu aleikum, Fatuma,” wakainama mpaka chini, na mtoto wa Mama Dorkasi aliniuliza nitaolewa lini na Ali.

Jumapili ikatangazwa. Sio kwamba Baba amesilimu, hilo hawakuthubutu kulisema wazi kwa kuwa hawakuwa na hakika. Ilitangazwa kwamba “amejitia katika mambo yasiyompasa mwamini na kuleta aibu kwa kanisa”, hivyo amewekwa kando na Meza ya Bwana na kazi ya usomaji, hadi atakapotubu. Baba, aliyekuwa amekaa mbele karibu na Biblia kubwa kama siku zote, alisimama, akashuka katikati ya kanisa kwa mwendo wake wa kawaida, akaenda kuketi chini ya popo. Siku ile somo lilikuwa tayari limepangwa asome yeye. Alilisoma Mzee Zakaria.

Ukali wangu ulianzia pale, na niseme kwa nini. Watu wale walikuwa wanaijua Biblia. Hawakuwa watu wa kusamehewa kwa kutojua. Kila Jumapili walisimuliwa namna mashahidi wa uongo walivyopangwa juu ya Stefano, wakapiga makofi ya uchungu. Walimhurumia Paulo aliyekamatwa hekaluni kwa sababu tu watu walimwona mjini akitembea na Trofimo Mgiriki, wakadhani amemwingiza patakatifu. Walidhani, basi. Kuonekana mjini na mtu wa watu wengine kukatosha kumpiga mtu nusura afe. Waliyasoma hayo, wakayahubiri, wakatoka nje wakayafanya. Na walifanya katika Kwaresima, wakiwa wamejinyima nyama. Siku hizo ndipo nilipojisomea mwenyewe habari ya Nabothi, nikaona jambo ambalo walimu wa shule ya Jumapili hawakuwahi kutuonyesha: kwamba kabla hawajamsingizia na kumpiga mawe, kwanza walitangaza mfungo. Walianza kwa ibada. Walimketisha mbele ya watu kwa heshima, kisha wakaleta wale wawili wa kumshuhudia uongo. Nilifunga kitabu kwa nguvu mpaka Mama akauliza kulikoni.

Wiki ya pili mchungaji alikuja nyumbani. Alikuwa mtu mpole, mwenye hofu ya wazee wake, na alikunywa chai yetu akitazama kikombe. Akasema jambo hili lisifike mbali. Baba Askofu anakuja Pasaka kwa kipaimara, na wazee wameamua kwamba mtoto wa mtu aliyetengwa hawezi kwenda mbele mpaka baba yake atengeneze. “Maneno machache tu, fundi. Simama useme, nimekosa, mnisamehe. Watoto wenyewe hawatasikia ulisema nini. Asubuhi yake binti anavaa nguo yake nyeupe, tumemaliza.”

Nguo yangu ilikuwa tayari. Ilining’inia ukutani ndani ya mfuko wa nailoni, Baba aliishona kwa bafta bora iliyokuwapo dukani, mikono ina mikunjo midogo kama ganda la chaza, na kila nilipolala niliitazama. Nilikuwa nimejifunza katekisimu yote kwa moyo. Nilitaka kipaimara kile kuliko nilivyotaka kitu chochote. Baba alijua. Alinitazama pale, kisha akamtazama mchungaji.

“Nitubu nini?”

“Fundi, usiifanye ngumu.”

“Nataka kujua tu. Nikipiga magoti pale lazima niseme nimefanya kitu. Nikisema nilisilimu, nimedanganya. Nikisema nilikosa kumzika Mzee Athumani, nimedanganya. Unataka nidanganye mbele ya madhabahu, kisha nipewe mkate?”

Mchungaji aliweka kikombe chini, akaaga. Alipoondoka Mama alilia. Alimwambia Baba, “Mume wangu, si kwa ajili yako, kwa ajili ya huyu mtoto. Mungu yuajua moyo wako, waambie hao wanachotaka.” Baba hakumkasirikia. Alitoa nguo yangu kwenye mfuko, akaikagua mishono kama ni ya mteja, akairudisha, akatoka kwenda kukaa barazani.

Ni siku hizo aliponisimulia habari ya Yeremia. Tulikuwa dukani, mimi nachambua vipande vya bafta sakafuni. Yeremia alikuwa anatoka mjini kwa shughuli zake za shamba, alisema Baba, na akiwa langoni askari mmoja akamshika: wewe unakwenda kujiunga na Wakaldayo. Yeremia akasema ni uongo. Hakusema zaidi ya hapo, na hawakumsikiliza. Walimpiga, wakamfunga, na baadaye wakamtupa kisimani, kwenye matope. Na aliyemtoa hakuwa ndugu wala mzee wa hekalu, alikuwa mgeni, Mkushi, Ebedmeleki. Hapo Baba aliacha cherehani. Alitaka nielewe sehemu hii vizuri. Ebedmeleki hakuteremsha kamba tu. Kwanza alikwenda akatafuta matambara na nguo kuukuu, akamteremshia, akamwambia ayaweke kwapani ili kamba zisimchubue. “Waona mtu huyo?” Baba alisema. “Kuokoa angeokoa hata bila matambara.” Akaendelea kushona. Hakunieleza zaidi, wala hakuhitaji.

Idi ilipopita, Ali alikuja kanisani. Hakuja peke yake, alikuja na mjomba wake, mwalimu wa chuo aliyeheshimiwa mji mzima, mzee wa ndevu za hina. Walikuja Jumamosi, wamevaa vizuri, wakasimama uani mpaka walipokaribishwa, nami nilikuwapo kwa mafundisho ya kipaimara ambayo bado niliruhusiwa kuyahudhuria nyuma ya wenzangu. Ali alitoa salamu zote zinazopaswa, akauliza hali za watu wasio wake, ndipo akasema.

“Wazee wetu, tumesikia fundi Rubeni yuwasemwa kuwa amesilimu. Tumekuja kuwapa habari kwamba hakusilimu. Sisi ndio tungekuwa wa kwanza kujua. Mtu akisilimu kwetu hupewa jina, husomewa dua, ubwabwa hupikwa. Huyu hatujala hata ubwabwa wake.”

Vijana wa kwaya walicheka, hata mchungaji alitabasamu. Mjomba naye akaongeza kwa upole kwamba yeye mwenyewe alimwambia Rubeni mara nyingi aingie katika dini yao, na Rubeni kila mara alimjibu kwamba ana yake. “Kama alinikatalia mimi miaka yote hiyo,” alisema, “nyinyi mwamsingizia nini?”

Mzee Zakaria alikuwa ameketi. Aliwashukuru kwa kuja. Kisha akasema, na maneno haya nilisikia kwa masikio yangu, kwamba kanisa halipokei ushahidi wa Waislamu juu ya mambo ya kanisa. Nimeyageuza maneno yale kichwani mpaka leo na sijayapatia akili. Baba alishitakiwa kuwa Mwislamu. Nani basi wa kuulizwa? Ila hawakutaka kujua. Walichotaka kilikuwa magoti ya Baba sakafuni, kwa sababu walikuwa wameshatangaza, na kama hakukosa yeye basi wamekosa wao. Mjomba wake Ali aliinuka, akasema “Haya, masalkheri,” wakaondoka bila hasira. Hasira waliniachia mimi.

Pasaka ilifika. Baba Askofu alikuja, kanisa likapambwa kwa makuti na asumini, na wenzangu wakaenda mbele wawili wawili, wameinamisha vichwa. Baba alikuwa ameniambia asubuhi kwamba naweza kubaki nyumbani na Mama, asingeona vibaya. Nilikwenda. Nilivaa gauni langu la shule, nikaketi naye. Mikono yake mikubwa ilikuwa juu ya magoti, na kila jina lilipoitwa niliona vidole vyake vinajikunja. Walipofika herufi ya jina langu wakaruka. Baba akafumba macho.

Njiani kurudi aliniuliza, “Umekasirika?”

“Ndiyo.”

“Umenikasirikia mimi?”

“Hapana. Wao.”

Alitembea kidogo. “Nami nimekasirika,” alisema, na sikuwahi kumsikia akisema hivyo kabla wala baada. “Lakini kesho nina kanzu za watu.”

Hakutubu. Si mwaka ule, si uliofuata. Wachungaji wakabadilika, waliokuwa wakicheka wakasahau walichocheka, na mchungaji mwingine, kijana kutoka bara, siku moja alishuka na mkate mpaka nyuma akampa Baba pale alipoketi, bila kuuliza. Mwaka huohuo nami nikapata kipaimara changu, nikiwa mtu mzima, nimeshaanza kazi. Lakini hakuna aliyesimama akasema, tulikosea. Baba alitangazwa mbele ya kanisa zima na akarudishwa kimyakimya, kama kwamba yeye ndiye aliyefadhiliwa. Nilisikia wakisema, “Rubeni amesamehewa.” Amesamehewa! Nilimwuliza Baba kama halimchomi neno hilo. Akasema linamchoma, ndio maana halirudii.

Siku hizi nawaona watu wakisimulia mateso ya waamini wa nchi za mbali, wakilia kwenye mikesha, na wanayo haki ya kulia. Lakini kwenye simu zao hizohizo, katika kundi la waumini la kanisa letu, mwezi uliopita niliona picha ya dada mmoja wa kwaya akiingia nyumba moja mtaa wa Kizingo, na chini yake maneno ya watu ya kumshuku, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anaongeza chake. Dada yule anamwuguza bibi kizee pale. Mzee Zakaria alihitaji wiki nzima, na kutembea juani, kumharibia mtu jina. Hawa walimaliza kabla chai haijapoa. Niliandika, “Mmemwuliza?” Kisha mtu akatuma mstari wa Biblia, na maua.

Baba tulimzika Rabai, kwenye shamba la wazee wake, watu wakiwa wengi kuliko tulivyotarajia. Mzee Zakaria alikuja. Ni mkongwe sasa, anashikwa mkono, lakini sauti bado nzuri, na kwa heshima ya umri walimpa nafasi ya kusema. Alimsifu Baba vizuri. Alisema alikuwa fundi mwaminifu, mume wa mke mmoja, msomaji asiyekuwa na mfano. Kisha akasema, “Yupo nani asiyeteleza? Ndugu yetu naye aliteleza, wengine wenu mnakumbuka, lakini neema ikamrudisha.” Watu wakaitika amina.

Mimi sisemi mbele za watu. Nilijikuta nimesimama.

“Mzee Zakaria, shikamoo.”

“Marahaba, binti yangu.”

“Baba hakuteleza.”

Alinigeuzia sikio, akidhani hakusikia vizuri. Shangazi alinivuta kanga kwa nyuma. “Kaa, mwanangu, si mahali pake.”

“Ni hapahapa,” nikasema. “Hakutoka, basi hakurudishwa. Alivaa kanzu za watu apime pindo, na alimzika bosi wake. Mlijua, na watu walikuja kuwaambia, mkawakataa.”

Mzee Zakaria alishika fimbo yake kwa mikono yote miwili na kutazama udongo, na sijui kama alikumbuka au alikuwa amechoka tu kusimama. Mchungaji, ambaye ni kijana na wakati wa mambo yale hakuwa amezaliwa, alinitazama, akamtazama mzee, akaikunja karatasi yake ya ibada. Akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa mbali chini ya miti waliisikia: “Kanisa lilimshitaki ndugu Rubeni kwa uongo. Tunaomba radhi.”

Hayo tu. Mchungaji hakumaliza hata pumzi moja kuyasema, na watu wazima wenye akili zao walishindwa kuyasema tangu nilipokuwa mtoto. Mama hayupo, alikwenda kabla. Na Baba, ambaye ndiye aliyestahili kuyasikia, alikuwa ameshateremshwa, na vijana walikuwa wameanza kujaza udongo.